Uliza Ujibiwe: Bangi kwao wapi, na nani aliisambaza?

Toleo lililopita niliandika mistari miwili mitatu kuhusu kamba za merikebu za zamani, nikachomekea kwamba nyingi zilikuwa za bangi, basi sanduku la barua likafurika. Sikutegemea. Nimechagua chache zinazofuatana vizuri, nyingine nimezifupisha. Waliouliza mbegu zinapatikana wapi, samahani jamani, safu hii ni ya historia.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, darasani tunabishana, mwenzangu anasema bangi asili yake India, mwingine anasema Jamaica. Nani yupo sahihi? (Mdadisi)

Marahaba. Wote wamekosa, ila wa India kakosa kwa karibu na wa Jamaica kakosa kwa mbali sana, manake bangi kule Jamaica ilishamiri karne ya 19 tu, ntakuja huko mbele. Kwao bangi ni Asia ya ndani, kule juu kwenye baridi. Mwaka 2019 watafiti walikusanya taarifa za chavua za kale, yaani ule unga wa maua, zilizochimbwa sehemu nyingi za Asia, wakazifuata kurudi nyuma mpaka zikawaangusha kwenye uwanda wa juu wa Tibeti, upande wa kaskazini mashariki, maeneo ya Ziwa Qinghai ambalo lipo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndo wanaposema mmea huu uliachana na ndugu yake hopsi, yaani lile ua linaloipa bia uchungu, kama miaka milioni 28 iliyopita. Ndio, bangi na hopsi ni ukoo mmoja kabisa, Cannabaceae, na chavua zao zinafanana mpaka wataalamu wenyewe zinawasumbua, inabidi waangalie majirani: ikikutwa na chavua za majani ya nyika basi ni bangi, ikikutwa na miti ya msitu basi ni hopsi. Ukifikiria ni kama kumtambua mtu kwa marafiki zake.

Sasa kupandwa na binadamu ni jambo jingine. Mwaka 2021 timu nyingine ilisoma vinasaba vya mimea 110 kutoka pande mbalimbali za dunia, ikaona kwamba ya kamba na ya kuvuta zote zinarudi kwenye shina moja lililoanza kulimwa Asia ya Mashariki kama miaka 12,000 iliyopita, wakati ule ule binadamu alipokuwa ndo anajifunza kilimo chenyewe. Tena ile ya porini kabisa, babu wa yote, inaonekana keshapotea duniani, hiyo unayoiona imejiotea pembeni ya barabara ukasema ni ya mwitu, ni mtoro tu wa shambani. Mmea huu unapenda udongo wenye mbolea uliochimbuliwachimbuliwa, yaani jalalani na kwenye samadi, kwa hiyo kuna wanaoamini kwamba sio sisi tulioufuata, wenyewe ndo ulitufuata kambini.

Watu wa kwanza walitaka kila kitu kwa mpigo: mbegu za kula, mafuta, nyuzi za ganda la shina. Kuutenganisha mmea wa nyuzi na mmea wa kulewesha kulikuja baadaye, kama miaka 4,000 iliyopita, kila mkulima akichagua mbegu kwa anachokitaka. China ndo walioshikilia nyuzi zaidi, herufi yao ya mmea huu, ma, asili yake ni picha ya mimea inayoning'inia chini ya paa ikikauka. Na yule ofisa wa ikulu Cai Lun anayetajwa kwenye historia ya karatasi mwaka 105, kwenye mchanganyiko wake alitia magamba ya miti, matambara, nyavu kuukuu na makapi ya bangi. Kwa hiyo hiki unachokisoma kina undugu nayo wa mbali, ukitaka kuchokoza wenzio darasani.

Kuna ile stori imezagaa kwamba mfalme Shennong aliandika dawa za bangi mwaka 2737 kabla ya Kristo. Usiipeleke kwenye mtihani. Shennong ni mtu wa hadithi za kale, na kitabu kinachobeba jina lake kilikusanywa enzi za ukoo wa Han, miaka kama 2,000 hivi iliyopita.

Mhariri, kama mwanzo ilikuwa ya kamba na mbegu, nani sasa alikuja na wazo la kuivuta? (Asiyevuta)

Wa kwanza kabisa hana jina, ila moshi wa zamani tunaojua umepimwa maabara vizuri unatoka milima ya Pamir, magharibi mwa China, makaburi ya Jirzankal, miaka 2,500 iliyopita. Walikuta vyetezo vya mbao vyenye mawe yaliyoungua ndani, wakakwangua, wakapata masalia ya bangi yenye THC nyingi, hiyo ndo kemikali inayolewesha, nyingi kuliko ilivyo kawaida kwa mmea wa porini. Kwa maneno mengine hawakuokota tu jani lolote, walikuwa wanajua wanatafuta nini. Wataalamu wanaona ilikuwa ibada ya mazishi, watu wamejifungia na maiti na moshi.

Na hii inamsafisha mzee Herodotus. Huyu Mgiriki aliandika karne ya 5 kabla ya Kristo kwamba Waskithi, wafugaji wapanda farasi wa nyika za kaskazini ya Bahari Nyeusi, wakishazika mtu wanasimamisha kihema cha sufu nzito, wanatia mawe ya moto ndani, wanarusha mbegu za bangi juu yake, wanakaa kwenye ule mvuke wakipiga kelele za raha. Watu walimcheka kwa karne nyingi wakasema mzee huyu naye kwa kamba! Mpaka Sergei Rudenko alipofukua makaburi ya Pazyryk kwenye milima ya Altai, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwenye barafu akakuta fito za kihema, chombo cha shaba, mawe ndani yake, na mbegu za bangi zilizoungua. Kila kitu kama alivyosema.

Hawa wafugaji ndo wasambazaji wakubwa wa kwanza, manake wao hawakai, leo huku kesho kule, na mbegu ni ndogo inakaa mfukoni, haiozi haraka. Ila msifikirie wote walikuwa wanafukiza. Turpan, jangwani kaskazini magharibi mwa China, kaburi moja la Yanghai la miaka 2,700 lilikuwa na gramu 789 za bangi zimehifadhiwa vizuri kabisa, na kaburi jingine la jirani, Jiayi, mwanamume wa kama miaka 35 amelazwa na mimea 13 mizima juu ya kifua kama sanda, mizizi huku chini, vichwa vimefika kidevuni. Mimi hilo la sanda linanikaa kichwani kuliko yote, sijui kwanini.

India wao walikuja na njia yao, kusaga majani na kunywa na maziwa, hiyo ndo bhang yenyewe, na Atharvaveda, maandiko yao ya zamani sana, yanaitaja kati ya mimea mitano ya kuondoa mashaka. Kuivuta kama sigara ni kitu cha baadaye sana kwa Asia, uvutaji wa kiko ulienea huko baada ya tumbaku kutoka Amerika, yaani baada ya 1492.

Neno bangi tumelitoa wapi, na Afrika imeingiaje? Babu yangu anasema ipo tangu enzi. (Mpenda maneno)

Swali langu ninalolipenda, kaa vizuri. Mi huwa naamini ukitaka kujua kitu kimepita njia gani fuata jina lake, na bangi ni mfano mtamu kuliko yote.

Kisanskriti ilikuwa bhanga, Kihindi bhang, Kiajemi bang. Pepo za kaskazi zikaleta majahazi, majahazi yakaleta neno, sisi tukatia irabu mwishoni kama kawaida yetu ikawa bangi. Kutoka pwani ikaingia bara na jina lake mkononi: Washona wanasema mbanje. Wareno walioikuta India na kwenye pwani zetu wakaandika bangue. João dos Santos, mtawa wa Kireno, kitabu chake kilichotoka 1609 kinaieleza bangue ikitumiwa na watu wa kusini mashariki mwa Afrika. Sasa angalia, hiyo 1609 inasema tayari watu wameshaizoea, kwa hiyo babu yako hajakosea, ipo tangu enzi, ila enzi hizo zina mwanzo na mwanzo wake ni bahari.

Kusini kabisa jina linabadilika, inakuwa dagga, hilo ni la Wakhoikhoi, na Jan van Riebeeck wa kituo cha Waholanzi pale Cape aliliandika kwa tahajia yake mwaka 1658. Ukienda kati na magharibi, Kongo na Angola, ni riamba, liamba au diamba. Na kuna kisa kimoja huko cha ajabu: karne ya 19, kwenye eneo la Kasai, chifu Kalamba aliwaunganisha watu wake kwenye kitu kilichoitwa Bena Riamba, wana wa bangi, hirizi za zamani zikachomwa, silaha zikawekwa chini, watu wakawa wanavuta pamoja kama alama ya amani na undugu. Mjerumani Hermann von Wissmann alipita hapo mwaka 1881 akayaandika. Zama zile biashara ya watumwa ilikuwa imechafua kila kitu, amani ya namna hiyo haikuwa mchezo.

Halafu lipo jambo la Ethiopia ambalo wengi hawalijui. Kwenye pango la Lalibela, sio mbali sana na Ziwa Tana, walichimbua vichwa vya viko vya udongo, vile vya kupitisha moshi kwenye maji kama buruma, vya karne ya 14, vilivyopimwa vikakutwa na masalia ya bangi. Karne ya 14! Columbus hajazaliwa, tumbaku haijavuka bahari, na mtu ameshakaa huko anavuta kwa kiko cha maji. Kwa hiyo wapo wanaohoji, na mi nawaelewa, kwamba ufundi wa kuivuta kwa kiko ni mchango wa Afrika na sio wa kuletewa.

Sasa fuata jina livuke Atlantiki. Brazili leo wanaita maconha, asili yake ni Kimbundu cha Angola, na zamani wakaita pia diamba, ile ile ya Kongo. Haihitaji ramani, neno lilisafiri na watu waliopakiwa kwenye meli za utumwa. Mwaka 1830 baraza la mji wa Rio de Janeiro likapiga marufuku kuuza kile walichokiita pito do pango, kiko cha pango (sio pango la mlimani), na hiyo pango ukiitamka taratibu utaisikia bangi ndani yake. Muuzaji anapigwa faini, mtumwa akikutwa anavuta anatiwa ndani siku tatu.

Na Jamaica je? Pale wanasema ganja, hilo ni neno la Kihindi moja kwa moja, halijapita kwetu. Utumwa ulipokufa kwenye makoloni ya Waingereza miaka ya 1830 wenye mashamba ya miwa wakakosa watu, wakaleta vibarua wa mkataba kutoka India, meli ya kwanza ikatia nanga Jamaica mwaka 1845. Watu wale ndo walioleta ganja na jina lake, wakawaachia wenyeji. Kwa hiyo mwambie yule mwenzako wa Jamaica (naona barua zenu zimetoka darasa moja) kwamba anachokiona ni cha Kijamaika kabisa kina jina la Kihindi.

Kamusi yangu ya Kiingereza inasema hemp, ile bangi ya nyuzi, ni katani. Katani si mkonge? Au na mkonge unalewesha? (Fundi kamba)

Hulewi hata ukiula shamba zima. Mkonge ni jamii ya Agave, asili yake Mexico, nyuzi zake zinatoka kwenye jani, wakati bangi nyuzi zake zipo kwenye ganda la shina, unakata, unaloweka mpaka gundi ioze, unapondaponda unatoa. Na neno katani lenyewe asili yake ni Kiarabu kattan, ambalo kule ni mmea wa kitani, wa tatu huo tofauti kabisa. Fujo hii haijaanzia kwetu, Waingereza nao walikuwa wakiona nyuzi ngumu yoyote ya kamba wanaipachika jina la hemp, mkonge wakauita hivyo, abaka ya Ufilipino ambayo ni ndugu wa mgomba nayo wakaiita hemp ya Manila. Mi kwenye safu hii natumia hempu kwa maana ya bangi ya nyuzi, basi.

Ulisema meli za Ulaya zilitegemea bangi. Kweli au umetia chumvi? (Baharia mstaafu)

Kweli mzee wangu, na chumvi kidogo ya bahari. Kamba za tanga, amari za nanga, nyavu, mpaka zile nyuzi za kukalafati mbao, yaani kuziba nyufa maji yasiingie, zilikuwa hempu, kwa sababu inahimili maji ya chumvi hasa ukiipaka lami. Venice serikali ilikuwa na kiwanda chake cha kamba, nyumba yenye urefu wa zaidi ya mita 300, manake kamba ya meli kubwa inasokotwa ikiwa imenyooshwa, huwezi ukaikunja kona katikati. Nyumba hiyo iliitwa Tana, jina la mji wa bandari kwenye mdomo wa mto Don walikokuwa wananunua hempu. Tena jina hapo limetuambia njia.

Uingereza Mfalme Henry wa 8 mwaka 1533 aliamuru kila mwenye shamba, katika kila ekari 60 za kulima, robo ekari aipande kitani au hempu. Wakulima hawakuipenda, kazi yake ni ya kunuka na kuchosha, yale maji ya kulowekea yanatoa harufu ambayo sio ya kusimulia. Mwisho wake jeshi la maji la Waingereza likawa linanunua Urusi, ndo maana vita vya Napoleon ukivisoma vizuri utakuta kila mtu anaiangalia bahari ya Baltiki, njia ya hempu hiyo, kwa jicho la wasiwasi. Wahispania wakaipeleka Chile karne ya 16, Waingereza wakaipeleka Virginia, na bunge la Virginia la 1619 likaamuru kila mwenye nyumba aliye na mbegu zake azijaribu msimu unaofuata.

Kwa hiyo Amerika imeingia mara mbili kwa milango miwili, na hili ndo ninalotaka wasomaji walishike: mlango wa mbele na barua ya serikali, kwa ajili ya kamba; na mlango wa nyuma, kwa watumwa na vibarua, kwa ajili ya kiko. Mmea mmoja. Walioileta hawakukaa meza moja.

Nimesoma kwamba Azimio la Uhuru la Marekani liliandikwa kwenye karatasi ya bangi. Sasa mbona haohao ndo waliopiga marufuku? (Mama wa wawili)

Dada yangu, Azimio lile lililosainiwa lipo kwenye ngozi ya mnyama iliyotengenezwa kwa kuandikia. Labda rasimu ziliandikwa kwenye karatasi za matambara, ila ile yenyewe ni ngozi.

Marufuku nayo hawakuanza wao. Mwaka 1800 jeshi la Napoleon likiwa Misri, Jenerali Menou aliwakataza askari na wenyeji hashishi, yaani bangi kwa jina la Waarabu. Waingereza India walifanya kinyume, waliunda tume, ikakaa 1893 na 1894, ikahoji mashahidi 1,193, ikatoa ripoti ya mabuku saba ya zaidi ya kurasa 3,000, ikasema utumiaji wa kiasi hauna madhara makubwa na kuikataza moja kwa moja sio busara, watoze kodi tu. Mi nadhani ni ripoti iliyosifiwa sana na kusomwa kidogo. Mwaka 1925 Geneva, ni mjumbe wa Misri aliyesimama akataka bangi iingizwe kwenye mkataba wa kimataifa wa kasumba (afyuni), ikaingia. Marekani ikaja na sheria yake ya kodi 1937, kodi kwa jina tu, ilikuwa ni kufunga mlango, na wakatumia jina la marihuana la Kihispania cha Mexico ambalo wakulima wao wengi wa hempu hawakulitambua kama ni mmea wao.

Na hapa historia inacheka. Miaka mitano baadaye, 1942, Wajapani wameshaishika Ufilipino, ile abaka ya Manila haiji tena, na meli za vita zinataka kamba. Serikali ileile ikawageukia wakulima ikawabembeleza wapande hempu, mpaka filamu ya kuwahamasisha ikatengenezwa. Vita kuisha, mlango ukafungwa tena.

Swali fupi: hiyo hempu ya leo wanaipambanuaje na bangi kama ni mmea mmoja? (Mkulima)

Kwa kipimo cha THC. Nchi nyingi zinatumia asilimia 0.3 kwenye mmea mkavu, chini ya hapo ni hempu, juu yake ni bangi, ingawa zipo zilizoweka kiwango kingine. Namba hiyo imetoka kwa mtaalamu wa mimea wa Kanada, Ernest Small, yeye na mwenzake Arthur Cronquist waliiweka mwaka 1976 ili tu kupanga makundi ya mimea kwenye makala ya kitaalamu, na Small mwenyewe amesema wazi kwamba mstari ule waliuchora tu kwa kukadiria. Wanasheria wakaupenda, wakaubeba. Kwa hiyo mkulima mwenzangu, jua likiwaka sana shamba lako la hempu likavuka kidogo hadi 0.4, jana lilikuwa kamba, leo ni kesi.